Nyota tano anakupa, kazi ya pili hakupi: jibu kwa kijana wa Mwanza

Swali limetoka kwa kijana mmoja wa Mwanza anayepata wateja kupitia Upwork, ule mtandao wa kutafutia kazi za mbali, nalifupisha kidogo: "Shikamoo dada. Natafsiri Kiingereza kwenda Kiswahili kupitia Upwork. Wateja wananipa nyota tano lakini wengi ni kazi moja tu halafu kimya. Sasa nimepata kampuni ndogo ya Uholanzi yenye app ya afya ya mama na mtoto, nimewafanyia vikazi viwili wakafurahi, juzi wakaniletea ofa ya maneno 30,000 kwa siku 10, ndani yake kuna mahojiano na akina mama. Naogopa kusema muda hautoshi. Nafikiria nusu nimpe binamu yangu kimyakimya, na nusu yangu niipitishe kwenye mashine kwanza halafu nirekebishe. Pia wamegusia tulipane nje ya Upwork tukwepe makato. Nifanyeje nisiwapoteze hawa watu?"

Marahaba mdogo wangu. Nimefurahi umeuliza kabla hujaikubali hiyo ofa, maana hapo ulipo bado una nafasi ya kuwa na mteja wa miaka, na pia una nafasi ya kumpoteza ndani ya wiki mbili.

Nianze na hilo la nyota tano kwanza. Mteja wa mbali hakuoni. Hajui kama umelala, kama umeme umekatika, kama kazi umefika nusu au hata faili hujalifungua, anachokiona ni maneno unayomwandikia kwenye chati basi. Kwahiyo unaweza kumletea kazi safi kabisa, lakini kama zile siku zote za katikati alikaa roho juu akijiuliza huyu jamaa yupo kweli, atakupa nyota zako kwa sababu kazi ni nzuri na ni haki yako, halafu kazi ijayo atamtafuta mtu ambaye hatamnyima usingizi. Na kuna kitu wengi hawakijui, pale Upwork mteja akifunga mkataba anatoa maoni ya aina mbili, kuna yale ya wazi tunayoyaona wote na kuna ya siri ambapo anaulizwa kutoka 0 mpaka 10 angempendekeza huyu mtu kwa wengine kwa kiasi gani. Hayo ya siri huyaoni wewe ila yanaingia kwenye hesabu ya ile asilimia ya mafanikio kwenye profaili yako. Watu wengi waungwana hawapendi kumuumiza mtu hadharani, wanakupa tano mbele za watu na sita pembeni.

Mimi ukiniuliza mteja anabaki kwa sababu gani, ntakwambia anabaki kwa mtu ambaye habari zote, hasa zile mbaya, anazipata kutoka kwa mtu mwenyewe na anazipata mapema, kabla hajazigundua. Ubora wa kazi unakuingiza mlangoni. Kinachokuweka ndani ni hicho. Na maswali yako yote, la muda, la binamu, la mashine, mpaka la malipo, nikiyaangalia naona ni lilelile: kuna kitu unataka mteja asikijue.

Tuje kwenye maneno 30,000. Piga hesabu bila aibu. Siku 10 ni maneno 3,000 kila siku, hakuna Jumapili, hakuna msiba, hakuna homa, na bado hujasoma upya hata mstari mmoja. Mtafsiri makini anayefanya kazi ya afya anatoa kama 2,000 mpaka 2,500 kwa siku, na hiyo ni siku ambayo bando lipo na umeme upo. Ukishika 2,200 unahitaji karibu siku 14 za kutafsiri peke yake, weka na mbili za kupitia, ni 16. Sasa we unaogopa kusema 16 kwa sababu unadhani siku 10 ni amri. Mara nyingi sio amri. Mtu kaangalia kalenda yake akaweka namba, hajui Kiswahili kinatafsiriwa kwa kasi gani, hajawahi kukiandika, anategemea wewe ndo umwambie. Wapo wenye tarehe ngumu kweli, ila hata hao mara nyingi tarehe ngumu ni ya kipande tu, labda maandishi ya ndani ya app lazima yaende kwa waandishi wa programu tarehe fulani, wakati mahojiano yanaweza kusubiri ripoti ya mwezi ujao.

Kwahiyo ungemwandikia hivi, kwa Kiingereza chako cha kawaida usihangaike na maneno makubwa: asante kwa kuniamini na kazi hii, nimeyahesabu maneno, kwa kiwango ambacho mmekizoea kwangu itanichukua siku 16, naweza kuwapa maandishi yote ya app ambayo ni maneno 12,000 siku ya 7 yakiwa yameshapitiwa, na mahojiano siku ya 16, je kuna sehemu mnaihitaji mapema zaidi ili niipange iwe ya kwanza? Kama siku 10 haziwezi kusogea niambieni tutafute namna, hata ikibidi tuongeze mtu wa pili kwa makubaliano yenu. (Hiyo 12,000 nimeweka kama mfano, we hesabu yako mwenyewe.) Ona hapo hujasema "siwezi", hujaomba msamaha, umempa mtu kitu cha kupangia. Na akisema hapana nataka siku 10 na mtu mmoja, basi hiyo kazi iache. Utaikosa hela, ndio, inauma, ila atakukumbuka kama mtu aliyesema kweli wakati hela iko mezani, na nimeshaona wateja wa namna hiyo wanarudi miezi kadhaa baadae baada ya yule aliyesema "no problem" kuwaharibia.

Binamu sasa. Kumshirikisha mtu sio dhambi hata kidogo, kampuni kubwa za tafsiri zinaishi kwa kugawa kazi. Tatizo ni kimyakimya. Kwanza mkono wake utaonekana, wewe utaandika "mjamzito" yeye ataandika "mama mtarajiwa", wewe "chanjo" yeye "sindano", na mle ndani ya app mama mmoja atakuta kitu kimoja kina majina mawili akachanganyikiwa. Pili, na hili ndo zito, hayo mahojiano yana majina ya akina mama, pengine na kijiji na hali ya ujauzito, wengine na majibu ya vipimo. Kampuni ya Uholanzi inabanwa na sheria ya Ulaya ya ulinzi wa data iliyoanza kutumika Mei 2018, na hata sisi huku Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kazi Mei 2023. Yule mama aliyehojiwa aliambiwa maneno yake yatasomwa na watu fulani, binamu yako hayumo. Ukituma faili kwa WhatsApp kwenda kwake umewaingiza wateja wako kwenye matatizo ambayo hata hawajui kama wanayo.

Muulize mteja waziwazi: nina mtafsiri mwenzangu ninayemwamini, kazi yake yote nitaipitia mimi neno kwa neno, jina lake hili hapa, mko tayari asaini makubaliano ya usiri kama nilivyosaini mimi? Wakikubali, tengenezeni orodha ya istilahi kwanza kabla mtu hajagusa sentensi, hata maneno 80 tu kwenye shiti ya Google inatosha. Na binamu mlipe vizuri na kwa wakati, usije ukawa we ndo mteja msumbufu kwa mwenzio.

Mashine ni hivyohivyo. Sikatai mashine, mimi natumia kwenye kazi za aina fulani na wateja wangu wanajua ni zipi. Kuna kiwango kabisa cha kimataifa cha kazi ya kurekebisha tafsiri ya mashine, ISO 18587, kwahiyo ni kazi halali yenye jina lake na bei yake, na bei yake iko chini ya kutafsiri. Ukimuuzia mtu bei ya kutafsiri halafu unampa marekebisho ya mashine umemwibia, hata kama hajui. Na tools nyingi za bure, ukibandika maandishi mle hujui yanahifadhiwa wapi, tumeshaongelea majina ya akina mama.

Halafu kwenye afya mashine inakosea sehemu ambazo macho yaliyochoka hayaoni. Kiingereza kimeandika mama ameze dawa saa 8:00 asubuhi na 8:00 usiku, tafsiri inakuja "saa 8 asubuhi", hakuna saa 8 asubuhi kwetu, ni saa 2. Yupo atakayeelewa, yupo atakayemeza saa nane mchana. Ukikuta kitu cha namna hiyo usikirekebishe tu ukanyamaza, mwandikie mteja mstari mmoja: nimebadilisha saa zote kwenda hesabu ya Kiswahili, naombeni mmwambie mwandishi wa programu asiache app iandike saa yenyewe kwenye vikumbusho maana itagongana na maandishi. Huo mstari umekuchukua dakika mbili. Kwake umekuhamisha kutoka "mtu wa kutafsiri" mpaka mtu anayeielewa app yake kuliko yeye, na mtu wa hivyo haachwi kirahisi.

Vilevile muulize wasomaji ni akina nani. Hili nalisisitiza sana kwa sababu wateja wengi wa nje wanaandika "Swahili" tu wakadhani wamemaliza. App inaenda Mwanza au Kisumu au Goma? Kwa Tanzania na Kenya unaweza kupita na marekebisho, ila mama wa Goma au Bukavu ana Kiswahili chake chenye mazoea yake na maneno ya Kifaransa ndani, na kama wewe hukulia huko sema tu kwamba hicho hukifanyi, watafute mtu wa huko, na kama unamjua wape namba yake. Watu wanaogopa kusema "hiki sio changu" wakidhani mteja ataona hawafai. Mimi kwa miaka yote nimeona kinyume chake, ukimwambia mtu ukweli kuhusu kitu kimoja usichokiweza anaanza kukuamini kwenye vile vyote ulivyosema unaviweza, kwa sababu sasa anajua ndio yako ni ndio kweli.

Kuhusu kuripoti kazi inavyokwenda, usimjazie mteja meseji pia. Kazi ya siku 16 mwandikie mwanzo kwamba umeanza na umeona faili zote zinafunguka, halafu mara mbili kwa wiki mistari mitatu, nimefika hapa, hiki nakiulizia, kinachofuata ni kile, basi. Siku hizo mbili uzichague ziwe zilezile kila wiki. Amsterdam wako nyuma yetu saa mbili wakati wa baridi na saa moja wakati wa kiangazi, wanabadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba, kwahiyo saa tatu asubuhi yao ni saa tano yetu au saa nne kutegemea msimu. Hivi vitu vidogo vinakera sana ukivikosea, mtu amekaa kwenye simu ya video peke yake lisaa lizima we unadhani bado muda.

Na dharura za kwetu zitaje mwanzoni. Unakumbuka Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, watu wengi Tanzania walikaa na intaneti ya kusuasua, wengine hakuna kabisa, na kuna mafrilansa, watu wa kazi za kujitegemea kama wewe, walirudi hewani wakakuta mteja keshafungua mgogoro. Mwambie mteja mapema kwamba huku intaneti inaweza kukatika, ikitokea nitakutumia meseji ya kawaida kwa namba hii, na kazi yote ninaihifadhi kila siku jioni kwenye folda yenu. Mtu aliyeambiwa kabla haoni ajabu ukipotea siku moja, asiyeambiwa anaona ametapeliwa.

Kidogo tu kuhusu akaunti, sijui kama inakuhusu ila najua wanaosoma hapa inawahusu baadhi. Hakuna uhusiano wa kudumu na mteja kupitia akaunti ya kununua au kukodi. Jina ni la mtu mwingine, picha ni ya mtu mwingine, siku mteja akiomba muongee kwa video imeisha, na ikiisha hata zile kazi nzuri ulizofanya kwa mikono yako zinageuka kuwa za tapeli. Anza na jina lako hata kama halina nyota hata moja.

Sasa malipo nje ya Upwork. Naelewa kwa nini inavutia, zamani makato yalikuwa asilimia 20 kwa dola 500 za kwanza na kila mteja, 2023 wakaweka 10 kwa wote, 2025 wakabadili tena ikawa inategemea mkataba, na Fiverr, mtandao mwingine wa aina hiyo, ni 20 moja kwa moja. Inauma. Ila mlikutana pale, na mkataba uliokubali wakati unafungua akaunti unasema kwa miaka 2 tangu mlipokutana malipo yapite pale, au mteja alipe ada rasmi ya kutoka. Mkikamatwa akaunti inaweza kufungwa, yako na ya kwao. Tena wewe ndo unalindwa zaidi hapo kuliko wao, kwenye mkataba wa bei ya jumla hela inawekwa pembeni kabla hujaanza, ukikabidhi kazi mteja akakaa kimya siku 14 inaachiwa yenyewe. Nje hapo we una invoisi na maombi.

Wajibu kwa upole kwamba ungependa kufuata masharti mliyokubali wote, na kama wanaona mtafanya kazi muda mrefu, ile ada ya kutoka ipo na wanaweza kuilipa halali. Hapohapo umewaonyesha kwamba mtu asiyevunja makubaliano na Upwork hatavunja na wao. Na siku mkitoka kihalali, pokea hela kwa jina lako: PayPal kwa miaka mingi haijawaruhusu wa Tanzania kupokea, ndio maana watu wanaazima akaunti ya rafiki wa Nairobi, jina kwenye invoisi moja na jina kwenye malipo lingine, mhasibu wa Uholanzi akiona hivyo anasimamisha malipo na ana haki. Payoneer, ile huduma ya kupokea hela kutoka nje, au akaunti yako ya benki inatosha.

Bei nayo usianze na ya chini ya kuwanasa ukitegemea kupandisha baadae ghafla. Weka inayokutosha toka mwanzo, na ukitaka kuongeza wape taarifa miezi miwili kabla, iguse kazi mpya tu, zile mlizokwisha kubaliana zimalize kwa bei yake.

Kuna la mwisho hukuliuliza ila lipo ndani ya swali lako, wale wateja waliopotea. Wengi hawajakukasirikia, wameishiwa kazi tu au wamesahau jina lako kati ya majina mengi. Chagua wachache ambao kazi yao uliipenda kweli, ingia kwenye tovuti au app yao kama mtumiaji wa kawaida, angalia Kiswahili chao kimekaaje leo. Mara nyingi utakuta wameongeza kurasa mpya zikabaki Kiingereza, au mtu kabandika sentensi ikavunjika kwenye skrini ya simu ndogo. Waandikie hapohapo Upwork, ule uzi wa mazungumzo wa zamani bado upo: nimepita nikaona hiki na hiki, hiki cha kwanza marekebisho yake ni haya hapa mchukue bure, mkihitaji zaidi nipo. Usiseme umewakumbuka sana wala unatafuta kazi, wape kitu kinachowasaidia hata wasipojibu. Na ukikuta kosa ni lako la zamani, sema ni lako, lirekebishe, usilipishe.

Ila hao watasubiri mpaka wiki ijayo. Wa Uholanzi wajibu leo kabla ofisi yao haijafungwa, usiilaze hiyo ofa, na kabla hujabonyeza kutuma fungua yale mahojiano usome kurasa tano za mwanzo, kama hayako kwa Kiingereza bali yameandikwa kutoka kwenye sauti ya Kisukuma kilichochanganyika na Kiswahili hesabu yako ya siku 16 itabidi iongezeke na ni bora wajue sasa hivi.